Filamu za Zamani na Mbio za Mambo Mapya

Mhadhara wa wazi, unachapishwa pamoja na maneno yaliyosemwa pembeni ya maandishi



Mada iliyopendekezwa na waandaaji ililetwa kwa sura ya ugomvi. Upande mmoja wako wanaosema filamu za zamani ndizo filamu, hizi za sasa ni kelele. Upande wa pili wako wanaouliza: mtu ana usiku mmoja na bando lake dogo, tamthilia ya Kituruki imetoka, ya Kikorea imetoka, klipu za TikTok hazina mwisho, kwa nini apoteze saa tatu kumtazama Raj Kapoor akiimba chini ya mwavuli, tena kwa rangi nyeusi na nyeupe?

Swali la upande wa pili ni la haki, na mhadhara huu haukuja kumsuta kijana yeyote. Nia yake ni kuonesha kwamba ugomvi umewekwa pasipo pake. Umri wa filamu si hoja. La kugombania ni kama imehifadhiwa au haikuhifadhiwa, na kwa kipimo hicho vitu vipya vina hali mbaya kuliko vya zamani. Hoja ni nne. Ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo mwenye nia ya kutoka nje kupokea simu asubiri ya nne. (Kicheko.)

Hoja ya kwanza: kwenda picha kulikuwa shughuli ya mji mzima

Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa Ilala mwaka 1950 alivuka miaka arobaini bila kituo cha televisheni cha kwao, lakini picha alikuwa ameziona hadi kuzikariri. Dar es Salaam palikuwa na Empire, Avalon, Empress na nyinginezo. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, watu wakatazama wakiwa ndani ya magari yao, na wasio na magari wakatafuta njia zao. Kiwanja kile leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Wanaosubiri viza pale wamesimama mahali ambapo baba zao walisimama kumsubiri stelingi. Unguja, ukumbi wa Majestic uliungua, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1955. Mombasa nao walikuwa na Regal, Naaz na Majestic ya kwao.

Wanafunzi waliozoea filamu kufika kwenye simu kwa sekunde chache wavumilie hesabu kidogo. Filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa picha 24 kwa kila sekunde. Picha ya Kihindi ya saa tatu, basi, ni utepe wa karibu kilomita tano. Utepe huo hukatwa na kuviringishwa katika mikanda kadhaa, nayo mikanda hupakiwa kwenye mikebe ya bati. Nakala iliyoletwa mjini ilikuwa moja, na kumbi zenye kuitaka ni zaidi ya moja. Ufumbuzi wa Unguja ulikuwa baiskeli. Ukumbi wa kwanza ulianza mapema kidogo. Mkanda wa kwanza ulipokwisha, kijana aliubeba mbio hadi ukumbi wa pili, akarudi kuchukua unaofuata, na kadhalika hadi mwisho wa picha. Mnyororo wa baiskeli ukikatika barabarani, watu mia kadhaa walikaa gizani wakipiga miluzi, hawajui kama binti ameolewa au la.

Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa Zanzibar na Bara kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 2018, anaeleza jinsi familia nzima zilivyovaa na kutoka jioni ya Jumapili, tiketi zikilanguliwa mlangoni. Kulikuwa pia na maonesho ya wanawake peke yao, na mama aliyekuwa haruhusiwi kuzurura mjini alikwenda na mashoga zake, akalia na kucheka hadharani bila mtu kumhoji. Awara ya mwaka 1951 ilizungumzwa kwa miaka. Wengi waliijua hadithi yake, ya baba hakimu na mwana asiyemjua, kama wanavyoijua ya jirani, ingawa Kihindi chenyewe hawakukisoma popote.

Na hawakutoka ukumbini mikono mitupu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Mwanafunzi wa leo anayeandika kuhusu taarabu ya Mombasa bila kuziangalia filamu hizo anasoma nusu ya barua. Zilitengenezwa Bombay, ni kweli. Lakini historia ya kutazamwa kwake ni yetu, na haimo katika kumbukumbu za Bombay.

Hoja ya pili: mchwa hawasomi majina

Kuna imani iliyoenea, hata miongoni mwa wasomi, kwamba muda huchuja. Kazi mbovu hupotea, nzuri hubaki, kwa hiyo kilichofika mkononi mwetu ndicho kilichostahili. Imani hii inaliwaza, na ni uongo. Muda unafanya kazi ya mchwa: wakiingia kabatini wanakula hati ya shamba na gazeti la juzi kwa hamu ileile.

Mfano wa kwanza ni wa India. Filamu yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931. Bila hiyo hatuna Awara, hatuna nyimbo, hatuna lolote kati ya yaliyotajwa punde. Leo hakuna nakala yake inayojulikana kuwepo popote. Zimebaki picha mnato na matangazo. Marekani nayo haina la kujivunia: utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo mwaka 2013 ulichunguza karibu filamu ndefu 11,000 zisizo na sauti za kati ya 1912 na 1929, ukakuta ni asilimia 14 tu zilizopo katika umbo lake la asili. Nchi tajiri kuliko zote, yenye viwanda vya filamu na wanasheria wa kila namna, ilipoteza sehemu kubwa ya kazi ya kizazi kizima. Nyingine ziliungua. Nyingine wenye mali walizitupa wenyewe, kwa kuwa filamu zenye sauti zilikuwa zimeingia sokoni na hakuna aliyetaka tena za zamani.

Zilizopona, je? Mdenmark Carl Dreyer alitoa mwaka 1928 filamu kuhusu mashtaka ya Joan wa Arc. Hasi ya asili iliteketea, na kwa nusu karne watu walitazama matoleo yaliyobadilishwa. Mwaka 1981 nakala kamili ya toleo la kwanza ikaonekana katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norway. Metropolis ya Mjerumani Fritz Lang, ya 1927, ilikatwakatwa mara tu baada ya kutoka. Sehemu kubwa iliyokosekana ilipatikana mwaka 2008 katika jumba la makumbusho la filamu la Buenos Aires, Argentina, ikiwa imechakaa na kujaa mikwaruzo. Ya ajabu zaidi ni Nosferatu ya 1922. Mjane wa mwandishi Bram Stoker alishtaki kwamba hadithi ya mumewe imeibwa, akashinda, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Filamu ikasalimika kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka.

Uzuri haukuziokoa filamu hizi. Kila moja iliokolewa na nakala iliyosahaulika mahali fulani, mbali na waliotaka kuisafisha.

Sasa turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na karakana ya filamu. Mpango uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, fedha zake kubwa zikitoka shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu 35 kuhusu kahawa, safura, akiba ya posta na mambo kama hayo, waigizaji wakiwa Waafrika, maelezo yakirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Miongoni mwa hizo 35 zinajulikana kubaki tatu. Zimo katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Moja inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Mwenye babu aliyelima Kingolwira mwaka 1936 atamtafuta kwanza Uingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikafuata filamu za Kiswahili zilizopigwa Tanganyika kwa ushirikiano wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Afrika Kusini. Iliyojulikana zaidi ni Muhogo Mchungu. Wasikilizaji wazee wanajua nani alikuwa stelingi. Vijana labda hawajui. (Sauti ukumbini: “Kawawa!”) Naam. Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, kisha mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, kisha, kuanzia Januari 1962, Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ni nchi ngapi duniani ambazo Waziri Mkuu wake aliwahi kuwa nyota wa sinema kabla ya uhuru? Marekani ilimpata Reagan mwaka 1981, na kila mtoto wa shule huko ameambiwa. Hapa kwetu mtu anaweza kumaliza chuo kikuu bila kuona hata dakika moja ya Kawawa akiigiza.

Baada ya hapo ilikuja Tanzania Film Company, iliyoundwa mwaka 1968, na kazi kama Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng’oge na Ron Mulvihill, na mwaka uliofuata Mama Tumaini ya Martin Mhando na Sigve Endresen. Wanaozitaja ni wengi kuliko waliowahi kuziona.

Kabla ya kuiacha hoja hii, neno moja kuhusu harufu. Utepe wa filamu za miaka hiyo kwa kawaida ni wa asetati. Asetati ikikaa katika joto na unyevu huoza yenyewe, na kinachotoka ni asidi ileile iliyomo katika siki. Ukifungua mkebe ulioanza kuoza, siki inakupiga puani kabla macho hayajaona kitu. Utepe unasinyaa, unajikunja pembeni, unaanza kunata, na mwishowe unakatika kila ukiguswa. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo huharakisha uozo uliokwishaanza, na mvuke wake huambukiza mikebe ya jirani. Dawa ni ubaridi na ukavu, vitu viwili ambavyo Dar es Salaam na Mombasa havipatikani bila bili ya umeme.

Hoja ya tatu: kipya nacho hufa, tena mapema

Atakayejibu kwamba hayo ni matatizo ya utepe, na kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, asikilize kisa cha Willow. Ni tamthilia iliyotengenezwa kwa gharama kubwa na kuanza kuoneshwa katika huduma ya Disney+ tarehe 30 Novemba 2022. Mwishoni mwa Mei 2023 kampuni yenyewe iliiondoa, pamoja na kazi nyingine kadhaa, ili kupunguza gharama. Miezi sita! Filamu ya Kingolwira imefika karne ya sasa, na tamthilia ya kampuni kubwa ya leo haikumaliza mwaka mahali ilipozaliwa. Anayelipia huduma hizi kila mwezi ananunua ruhusa ya kutazama. Filamu yenyewe hajainunua, na ruhusa hufutwa bila barua.

Mfano wa karibu zaidi uko Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana, fundi wa kujifunza mwenyewe, aliunda studio ya Wakaliwood, na mwaka 2010 trela ya filamu yake Who Killed Captain Alex? ikazunguka dunia nzima. Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa fedha ambazo hazitoshi kulipa chakula cha mchana cha waigizaji wa Hollywood. Sasa basi: toleo lake la asili halipo. Kompyuta ilijaa, na Nabwana alilazimika kufuta kazi iliyokwisha ili apate nafasi ya kutengeneza inayofuata. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania juu ya picha. Kuna utamu wake, kwa sababu ndivyo watu wa vibanda vya video walivyoitazama. Lakini itafakarini hali yenyewe: filamu mashuhuri kuliko zote za Uganda ilifutwa na mwenyewe, si kwa uzembe, kwa kukosa nafasi kwenye diski.

Nabwana huyohuyo anasema hakukulia katika kumbi za sinema. Kaka zake walikwenda, wakirudi wakamsimulia mapigano yote, ngumi kwa ngumi, naye akayajenga kichwani. Filamu za zamani zilimfikia kwa masimulizi, kama hadithi za bibi. Wanaodhani vya zamani na vipya ni maadui wamwulize yeye ametoka wapi.

Bongo Movie iko njia hiyohiyo. Girlfriend ya George Tyson ilitoka mwaka 2003, na miaka iliyofuata soko likafurika kanda za VHS, kisha VCD, filamu moja ikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili inunuliwe mara mbili. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliojaa Leaders Club kumuaga ulikuwa ushahidi tosha wa jinsi kazi hizo zilivyoshika mioyo ya watu. Ziko wapi kanda mama zake? Watayarishaji wengi wa zama hizo waliuza haki zote kwa mkupuo kwa msambazaji, wakatumia fedha kuanza filamu nyingine. Kanda ya VHS huota kuvu. VCD huchunika. Na deki yenyewe imekuwa adimu: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Nakala zilizoko YouTube nyingi zimepakiwa na watu baki kutoka VCD zilizokwaruzika, zikakandamizwa mara mbili au tatu, hata nyuso zikabaki miraba.

Huu ni ukale wa miaka ishirini tu. Mashabiki wake wamo humu ukumbini, na hawajioni wazee.

Hoja ya nne: si kila cha kale ni dhahabu

Msemo wa mtaani unadai ya kale ni dhahabu. Mengine ni kutu, na mhadhara unaoyaficha hauna maana. Maofisa wa filamu wa kikoloni waliandika bila aibu kwamba Mwafrika hawezi kufuata hadithi ya haraka, apewe picha za polepole na za jambo mojamoja. Waliandika hayo wakati ambapo watu wa Darajani na Kariakoo walikuwa wakifuatilia picha za Kihindi za saa tatu, zenye mapacha waliopotezana na kesi mahakamani, bila tafsiri.

Au chukueni Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, John Wayne akiwa stelingi. Ilipigwa Arusha na mbuga za jirani kabla tu ya uhuru, tangu mwisho wa 1960. Watanganyika wamo, lakini ni wa kubeba, kuendesha na kutabasamu. Mwenye kuitazama leo atakereka, na akereke. Ila asifunge. Nyuma ya John Wayne kuna mitaa ya Arusha ya mwezi fulani wa 1961, maduka yake, nguo za wapita njia, magari, vumbi lenyewe. Aliyeshika kamera hakukusudia kutuachia hayo. Kutazama filamu ya zamani kwa faida ni pamoja na kujifunza kuangalia pembeni ya stelingi.

Wala chombo kipya si cha kulaaniwa. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi wa urithi wa filamu za Afrika, unaounganisha taasisi ya Martin Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO, na Soleil Ô ya Mmauritania Med Hondo ikawa miongoni mwa za kwanza kusafishwa picha kwa picha kwa kompyuta. Mwaka 2021 Amil Shivji alipeleka Vuta N’Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, kwenye tamasha la Toronto. Ni filamu mpya, ya kamera mpya, inayosimulia Unguja ya miaka ya 1950. Anayetaka kutengeneza kama hiyo tena mwaka 2040 atatafuta wapi sura ya mitaa, mishono ya mabaibui, sauti za redio za wakati huo?

Ya kufanya kuanzia sasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda umekwenda. Yabaki mapendekezo, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu 1976, na Bodi ya Filamu hupokea filamu ili kuzikagua na kuziwekea daraja. Kenya ina bodi yake. Filamu inapita mkononi mwa serikali hata hivyo. Kanuni iongezwe: nakala safi isiyokandamizwa ibaki, ikabidhiwe Nyaraka za Taifa, kama wachapishaji wa vitabu wanavyotakiwa kuwasilisha nakala maktaba. Kwa filamu za sasa, ambazo ni mafaili, gharama ni ya diski kadhaa zinazowekwa miji miwili tofauti, kwa sababu Buenos Aires imeshatufundisha faida ya nakala iliyo mbali.

Vyuo vinavyofundisha filamu vimpe kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mtu mmoja wa kumhoji: mwendesha mashine wa sinema, mlanguzi mstaafu wa tiketi, mama aliyekwenda maonesho ya wanawake, DJ aliyetafsiri picha kwenye kibanda umiza. Simu iliyomo mfukoni inatosha kurekodi. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo tangu 1998 huwakusanya watu Ngome Kongwe, litenge usiku mmoja kila mwaka kwa filamu moja ya Kiswahili iliyopotea na kupatikana, hata ikiwa ni dakika kumi.

Na orodha ya kutafutwa ianze na Muhogo Mchungu. Iulizwe London, iulizwe Johannesburg, iulizwe kwenye maghala ya wizara zetu. Ikipatikana, ikaskaniwe kwa kompyuta, ikawekwe mtandaoni bure. Wenye mikebe, kanda au VCD nyumbani waache majina yao kwa katibu kabla ya kuondoka. Mkebe unaonuka siki usifunguliwe tena wala kupuliziwa chochote, uletwe kama ulivyo. Sasa ni zamu ya maswali, na yule bwana aliyemtaja Kawawa aanze.